Nusu Volti

Somo: Luka 10:30–37



Chukueni tochi iliyokufa, mng'oe taa moja ndogo nyekundu ya LED, mkaielekeze kwenye jua la saa sita mchana. Gusisheni miguu yake miwili na nyaya za mita ya fundi. Betri hakuna, lakini mita inapanda hadi karibu volti moja na nusu. Ifunikeni kwa kidole, inashuka karibu na sifuri. Kifaa kilichoundwa kutoa mwanga kinaupokea na kuugeuza umeme. Ndani yake zimekutana tabaka mbili. Mwanga ukigonga pale mpakani elektroni zinaachiliwa, zikasukumwa upande mmoja. Ndivyo ifanyavyo fotodayodi, kile kijicho cha televisheni kinachopokea ishara ya rimoti, na ndivyo zifanyavyo sola zilizo juu ya mabati yetu toka Sirari hadi Mugumu.

Umeme wenyewe ni kidogo mno. Taa ile haiwezi kuwasha hata mwenzake. Seli moja ya sola hutoa kama nusu volti tu. Zikiungwa 36 kwa mfululizo, chanya ya hii na hasi ya ile, zinachaji betri ya volti 12.

Kuna jambo hapo limenikaa moyoni. Katika mfululizo, mkondo ni mmoja kwa wote. Kwenye paneli ndogo, jani la mwembe likiganda juu ya seli moja, nyingine 35 zinaungua juani na bado umeme wa paneli nzima unaanguka.

Desemba, msimu wa ukeketaji, inakaribia, nasi wa Tarime na Serengeti tunajua maana yake kwa binti. Sheria imekataza kumkeketa mtoto wa kike aliye chini ya miaka 18 tangu 1998, na hadi leo wapo mabinti wanaotoroka usiku kwenda kituo cha Masanga au nyumba salama ya Mugumu. Binti hafikishwi huko na shujaa mmoja, bali na watu waliounganika kama seli zile. Mwalimu alimwelekeza pa kukimbilia. Shangazi alinyamaza alipoulizwa binti yuko wapi. Kijana wa bodaboda alimbeba bila nauli, mama asiyemjua akamfungulia mlango saa nane usiku, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto akaandika maelezo yake badala ya kumrudisha nyumbani. Lakini mmoja tu akimpigia baba simu, wema wa wote waliotangulia unakatikia njiani.

Tukisoma habari ya Msamaria aliyemsaidia majeruhi njiani, tunamsifu yeye peke yake. Mimi leo namtazama mwenye nyumba ya wageni alikopelekwa majeruhi huyo. Hana jina, hasemi neno lolote. Amepewa dinari mbili na ahadi. Angefunga mlango, yule majeruhi angelala wapi?

Basi wazee wa kanisa, kubalianeni mapema ni nyumba ipi itafunguliwa usiku. Vijana wenye pikipiki, jitokezeni, tuwajue. Akina baba, zungumzeni na ndugu zenu sasa, kabla shule hazijafungwa. Na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bure, iandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa darasa la Shule ya Jumapili.