Deni la Sikio

Wazee wetu walisema sikio halilali na njaa. Walikuwa na maana kwamba aliye hai hakosi kusikia jambo kabla jua halijazama. Mimi, baada ya kustaafu na kupata nafasi ya kukaa barazani, nimeongeza langu dogo: sikio hula kila siku, lakini ni nadra kulipa. Katika kurasa hizi chache nataka kuuliza swali ambalo kwa miaka mingi nilidhani ni la wanasheria peke yao. Je, mtu anayesikiliza muziki asioulipia ana deni? Na kama analo, anadaiwa na nani?

Sina vyombo vya fahari hapa nyumbani Ujiji. Nina spika mbili kubwa zilizosalia tangu enzi za kaseti, na sabufa ambayo mjukuu wangu aliniletea pamoja na flashi ya gigabaiti 32. Aliniambia, "Babu, humu nimekupakulia nyimbo zaidi ya elfu sita. Zote bure." Nilipiga hesabu, kwa kuwa mazoea ya ualimu hayaishi. Kama kila wimbo ni dakika tano, basi nilikuwa nimekabidhiwa saa mia tano za muziki ndani ya kitu kidogo kuliko kidole changu cha gumba. Santuri za ujana wetu, zile za mizunguko 78, zilichukua dakika tatu au nne kila upande, na mwenye nazo kumi alikuwa mtu wa kutembelewa.

Katika flashi ile mlikuwa na mambo ya kila aina. Nilikuta taarabu, rumba ya ng'ambo ya ziwa, na bendi zetu za miaka ya sitini na sabini. Nilikuta pia muziki wa kale wa Ulaya, ambao niliupenda tangu nilipokuwa kijana chuoni, tulipofundishwa kuimba kwa sauti nne. Humo ndimo nilimokuta zile tungo sita za Bach za chelo, yaani fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, zikipigwa na Pablo Casals. Nilizisikiliza usiku, wakati taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani kama mji wa pili, na nilijiona tajiri.

Sasa nieleze kilichoniharibia utajiri huo.

Jirani yangu mmoja, mzee wa rika langu, huja jioni kuzungumza. Najua tangu zamani kwamba alipata kupiga gitaa katika bendi fulani, lakini hakuwa mtu wa kujisifia na mimi sikuwahi kumhoji. Jioni moja niliiacha flashi ijiendeshe yenyewe huku tukiongea habari za bei ya saruji. Ukaanza wimbo wa zamani. Mwenzangu akanyamaza katikati ya sentensi. Nikadhani amepatwa na maumivu. Kisha nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vinatembea juu ya fimbo yake.

"Mwalimu," akasema, "hilo gitaa la pili ni mimi."

Nikaenda kutazama jina kwenye kioo kidogo cha sabufa. Paliandikwa: Zilipendwa 3, wimbo wa 7. Hapakuwa na jina la bendi, wala la mtunzi, wala la yeyote kati ya wale waliopiga. Tukausikiliza hadi mwisho. Alipoinuka kwenda zake aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kama naweza kumpatia nakala, maana yeye hakuwa nayo.

Usiku ule sikulala vizuri. Mtu alikuja kwangu kuniomba kitu chake mwenyewe, na mimi nilikuwa nacho.

Ndugu msomaji, kabla hujanihukumu nisikilize, kwa sababu nilijitetea kwa nguvu zote. Nilijiambia kwamba wizi ni kumwondolea mtu alichonacho. Ukichukua dagaa kwenye kapu la jirani, kapu linapungua. Wimbo haupungui. Vijijini kwetu mwanamke aliamka alfajiri akaenda kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto; alirudi na moto, na moto wa jirani ukabaki vilevile. Nani aliwahi kumwita huyo mwizi? Nilijiambia pia kwamba hata kama ningetaka kununua, hakuna duka hapa lililoniuzia santuri za bendi ile. Tena kama wasingekuwapo watu wa kunakili, kaseti kwa kaseti, hadi mjukuu wangu akaupata wimbo ule mtandaoni, ungekuwa umekwisha kufa na yule mzee asingesikia tena mkono wake wa ujana.

Hoja hizi si za kupuuzwa, na hata leo naziona zina uzito. Lakini nilikuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi, na nilipata kuwaadhibu wanafunzi walionakili insha za wenzao. Mmoja wao aliwahi kunijibu, "Mwalimu, insha yake bado anayo." Nilimwona mtovu wa adabu. Nimechukua miaka zaidi ya thelathini kutambua kwamba sikumjibu.

Basi nijaribu kumjibu leo. Moto wa jirani haupungui, ni kweli. Lakini kuni zilitoka wapi? Kuna mtu alikwenda porini, akakata, akabeba kichwani. Aliyeomba kaa alijua hivyo, ndiyo maana alibisha hodi, akasalimia, na siku alipopata mzigo wa kuni hakusahau nyumba ile. Moto ulitolewa bure ndani ya ujirani. Ukiuondoa ujirani, ukawa ni watu wanaopita usiku kuchota makaa bila hodi, jirani atachoka kukusanya kuni, na siku moja wote mtaamkia majivu. Ziwa letu nalo limetufundisha hivyo. Tuliamini kwamba dagaa wa Tanganyika hawana mwisho, hadi mwaka 2024 ilipobidi uvuvi usimamishwe kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kisichoonekana kupungua usiku mmoja hupungua kwa miaka.

Hata hivyo, lazima tutofautishe wadai. Bach alifariki mwaka 1750. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake; kwa Bach muda huo ulikwisha zamani, na ndivyo inavyofaa, kwani kazi ya kale haina budi siku moja iwe kama kisima cha kijiji. Casals naye alifariki mwaka 1973. Huyu alizikuta tungo zile zimechapwa, katika duka moja la Barcelona mwaka 1890, akiwa mtoto wa miaka 13. Akazifanyia mazoezi kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuthubutu kuzipiga hadharani, na hakuzirekodi zote hadi kati ya mwaka 1936 na 1939. Mimi nilizipata kwa kubonyeza kitufe. Sina njia ya kumlipa Bach wala Casals, lakini naweza kuwanyima au kutowanyima kitu kimoja: utulivu wangu. Kuwasha kazi ya miaka ya mtu ili ifunike makelele ya vyombo jikoni si jinai, ila ni aina ya dharau.

Wa karibu nao wana habari nyingine. Zamani kidogo, Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, kwa kuwa huku kwetu hapakuwa na vyombo. Bendi zetu za baadaye zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na waliotaka santuri walitazama Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikawa ngumu, hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Mkoa wetu haukuwa nyuma. Palikuwa na Lake Tanganyika Jazz hapa Kigoma, ambako Shem Karenga, mzaliwa wa huku, alipata kupiga kabla ya kung'ara na Tabora Jazz. Alifariki mwaka 2014. Watu wa namna hiyo walisafiri kwa treni ya Reli ya Kati na magitaa yao, wakatuchezesha usiku kucha, na wengi wao walizeeka bila nyumba. Walipendwa, na sisi tukadhani kupendwa ni mshahara.

Hapo ndipo niliposhindwa kabisa na utetezi wangu. Kusema "sina uwezo wa kununua" ni kueleza hali ya mfuko. Si kufuta deni. Nimewafundisha watoto ambao wazazi wao hawakuwa na hata senti ya ada. Sikuwadai. Lakini mtoto aliyenipita njiani miaka mingi baadaye bila kunitambua aliniumiza, wakati yule aliyesimama na kusema, "Shikamoo Mwalimu, wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma," alikuwa amenilipa. Kwa hiyo deni la sikio, kwa maoni yangu, lina sehemu tatu. Ya kwanza ni fedha, pale ambapo mwenye kazi yuko hai, au warithi wake, na njia ya kumfikia ipo. Ya pili ni jina: kujua nani alitunga, nani alipiga, na kulitaja. Ya tatu ni usikivu wenyewe. Asiyeweza ya kwanza hajasamehewa ya pili na ya tatu.

Najua kuna atakayesema, "Mzee, ukilipa, fedha zitaishia kwa watu wa katikati." Huenda. Lakini tazama mantiki yake: kwa kuwa mwingine alimdhulumu mwanamuziki, basi na mimi nisimlipe! Tukikubali hivyo, dhuluma ya kwanza inakuwa kibali cha zote zinazofuata.

Nilianza na lile lililokuwa karibu. Kwa jioni kadhaa mimi na jirani yangu tulipitia nyimbo za zamani moja baada ya nyingine, mjukuu akiwa na kompyuta yake. Mzee alikuwa akisema: hii ni bendi fulani, huyu mwimbaji alitoka Tabora, hii tarumbeta ni ya mtu wa Mwanga. Mjukuu akaandika majina pale palipokuwa na tarakimu tu. Nyimbo za vijana wa leo, ambao wako hai na wanauza kazi zao, nilimwambia azifute, nikizitaka, nitanunua. Alinitazama kama mtu anayeona babu yake anatupa chakula, lakini akazifuta.

Kisha nikatia shilingi elfu thelathini na tano katika bahasha, nikampelekea jirani yangu. Nilikuwa na hofu kwamba ataiona ni sadaka.

"Nini hiki, Mwalimu?"

Nikamwambia, "Ni mshahara. Umechelewa."

Hakucheka. Alizitoa zile noti akazihesabu mbele yangu, taratibu, kama mfanyakazi dirishani kwa mhasibu. Akachukua elfu tano, akaitia mfukoni. Zilizobaki akazirudisha ndani ya bahasha, akanipa.

"Tulikuwa saba," akasema.

Nakiri kwamba sikuwa nimefikiria hilo. Nilidhani nimekwenda kufunga hesabu, kumbe ndiyo kwanza nimeifungua. Kwa wimbo mmoja tu wa dakika tano, kati ya nyimbo elfu sita, nilikuwa na wadai saba wenye majina. Tangu hapo tumewatafuta pamoja. Mmoja yuko hai mjini hapa na alipokea mwenyewe. Mwingine ni marehemu. Mjane wake alipokea, na alitaka kwanza ausikie wimbo. Watatu wengine tuliwapata kupitia watoto wao. Wa saba, aliyepiga ngoma, inasemekana alivuka ziwa kwenda Kalemie miaka mingi iliyopita, na hakuna anayejua habari zake.

Elfu tano yake imo ndani ya bahasha, katika droo ileile ninamoweka flashi. Kila nikitaka muziki lazima niione. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa, nami sibishi; lakini yako madeni ambayo mtu hapati wa kumkabidhi. La namna hiyo usilifute. Liweke mahali utakapoliona, kisha washa sabufa, punguza sauti, uketi, usikilize ngoma ile kama mtu anayejua kwamba kuna aliyeipiga.