Deni la Mwenye Kuelekeza

Mgeni aulizapo njia, mwenyeji aweza kumjibu kwa namna mbili. Aweza kunyosha kidole na kusema, "Huko". Ama aweza kufuatana naye hata njia panda, akamwonyesha mbuyu na kisima. Aliyenyosha kidole hakusema uwongo. Lakini ikiwa njia ile ilikwisha kukatwa na mvua, na mgeni akarudi jioni na njaa yake, je, ana lawama?

Swali hili limepata makao mapya katika maandishi ya programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo msimbo wake umewekwa wazi, kila mtu apate kuusoma na kuutengeneza. Maandishi ya kuzieleza huandikwa mara nyingi na watu wa kujitolea, nao wanaoanza huweza kupewa kazi ionekanayo ndogo: kutia viungo, ili jina la jambo lililoelezwa mahali pengine liwe mlango wa kuingilia huko.

Desturi yenyewe si changa. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, uliotolewa Novemba 1971, ulikuwa na fungu la kumwambia msomaji atazame amri gani nyingine. Watunga kamusi nao wana "taz." yao, na aliyewahi kuambiwa atazame neno, akalitafuta asilikute, aijua hasira ile.

Ted Nelson, aliyebuni mwaka 1965 jina la maandishi ya namna hii yaliyounganishwa, alitaka kila kiungo kionekane pande zote mbili. Tim Berners-Lee, katika mtandao alioupendekeza CERN mwaka 1989, alikubali kiungo cha upande mmoja: yeyote aweza kuelekeza popote pasipo kuomba ruhusa. Uhuru huo ndio ulioukuza mtandao, na ndio uliozaa viungo vilivyokufa, kwa kuwa ukurasa unaohama haujui ni nani waliouelekea.

Mafundi wametafuta dawa. Sphinx, chombo alichokitoa Georg Brandl mwaka 2008 kwa ajili ya maandishi ya lugha ya Python, humwezesha mwandishi kuelekeza kwenye jina badala ya mahali. Sehemu ikihamishwa pamoja na jina lake, kiungo huifuata. Jina la sehemu lisipopatikana, chombo huonya, nacho chaweza kuamriwa kulihesabu onyo kuwa kosa. Lakini jina la kazi ya programu likikosekana, hunyamaza kimya mpaka kiagizwe kuwa kikali. Chombo hicho chathibitisha kwamba mlango upo; hakijui kama chumba kilicho nyuma yake ndicho msomaji alichokihitaji.

Wako wasemao kwamba mwenye kujitolea hadaiwi kitu: zawadi ni zawadi. Hoja hiyo ina nusu ya haki. Aliyechimba kisima kwa hiari yake aweza kuacha kuchimba kesho bila lawama. Hawezi kuweka kibao cha kisima pasipo na maji, akajitetea kwamba kibao kilikuwa bure. Hata hivyo sehemu kubwa ya deni ni ya yule ahamishaye ukurasa, maana yeye peke yake ajua siku ya kuhama. Na kwa kuwa hawajui waliomwelekea, hana budi kuacha alama penye mlango wa zamani ya kuwapeleka wajao kwenye mpya.

Liko kosa jingine baya zaidi, nalo hufanywa na wenye bidii: kiungo kinachowekwa badala ya maelezo. Mwandishi aliyeshindwa kusema kwa sentensi moja maana ya neno hulifanya kiungo na kupita. Mwanafunzi hufungua kurasa tano, kila moja ikimtuma kwa jirani, hata arudi alikotoka. Viungo vyote ni vizima, wala hakuna onyo litakalotolewa. Mhakiki aliyepokea kazi ya namna hiyo afanya vema akiirudisha kwa ombi moja tu: sentensi iandikwe kwanza, kiungo kifuate.