Je, Nimfiche Mwenzangu Hofu Yangu?

Hebu tuingie kwa heshima katika chumba cha kulala cha wenzetu, usiku wa manane. Tuwaite Baba Mueni na Mama Mueni. Ni watu wa makamo, na watoto wao wakubwa wameshaondoka nyumbani. Baba Mueni yuko macho. Ameweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na anahesabu mapigo: mawili ya haraka, kimya, matatu, kimya kirefu, kisha mbio. Daktari alimwambia kwamba moyo wake haupigi kwa mpangilio. Alimpa dawa, halafu akataja kwa kupita tu kwamba ugonjwa huo usipotunzwa unaweza kuufikisha moyo mahali pa kushindwa kufanya kazi. Tangu siku ile usingizi umemhama. Mkewe akigeuka na kuuliza, "Baba Mueni, uko sawa?" yeye hujibu, "Ni joto tu, Mama Mueni, lala." Mama Mueni hunyamaza, lakini halali. Anahesabu pumzi za mumewe.

Je, mume huyu anatenda jambo la upendo au anakosea? Najua wengi wenu mtamtetea. Mtasema mwanamume hafai kuwatia watu wake hofu, kwamba mama huyo ana presha yake mwenyewe na karo ya kitinda mimba, na kwamba kunyamaza si kusema uongo. Hoja hizo si za kupuuzwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yenyewe, katika namba 2489, inafundisha kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Jirani anayekusalimu sokoni hana haki ya kuelezwa mapigo ya moyo wako. Je, mke wako?

Kabla ya kujibu, tuuelewe ugonjwa wenyewe, maana hofu nyingi huletwa na jina. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika ugonjwa huu, ambao madaktari huuita fibrilesheni ya atria, vyumba vya juu havijikunji tena kwa pamoja. Vinatetemeka tu kama jani la mgomba katika upepo, na vile vya chini hufuata bila utaratibu. Damu ikizubaa humo yaweza kuganda, na donge likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa mgonjwa wa namna hii ni kama mara tano ya ile ya mtu mwingine, ndiyo sababu wengi hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Sasa lile neno "moyo kushindwa". Mtu akilisikia hudhani moyo utazimika ghafla, kama matatu iliyoishiwa mafuta mlimani. Sivyo. Maana yake ni kwamba moyo hausukumi damu kwa nguvu inayotosha, hivyo maji hubaki mwilini, miguu huvimba, pumzi hukatika. Ni ugonjwa mzito, nisiwadanganye, lakini una dawa, na wengi huishi nao miaka. Tena moyo uliodhoofika kwa kwenda mbio muda mrefu, ukishatulizwa mwendo, kwa baadhi ya wagonjwa hurudisha sehemu kubwa ya nguvu zake.

Hapa kwetu ugonjwa huu si wa wazee peke yao. Wapo akina mama vijana ambao vali za mioyo yao ziliharibika utotoni, baada ya maumivu ya koo yasiyotibiwa kuzaa homa ya baridi yabisi. Wengi wao humeza warfarini, dawa ya zamani inayohitaji damu kupimwa mara kwa mara na mboga za majani kuliwa kwa kiasi kilekile kila juma. (Usiache sukuma wiki kabisa, wala usiifakamie siku moja tu.) Wengine hulalamika kwamba wananyimwa vidonge vipya. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliowahusu wagonjwa zaidi ya 4,500 wa vali za namna hiyo katika nchi 24, ulionyesha kwamba dawa za zamani ziliokoa maisha zaidi kuliko kidonge kipya kilicholinganishwa nazo. Ila warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mume na mke wamwone daktari kabla ya mimba, wakiwa wawili.

Turudi kwenye kitanda chetu. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika sura ya saba ya waraka wa kwanza, kwamba mume hana mamlaka juu ya mwili wake peke yake, bali mkewe pia, na mke vivyo hivyo. Tumezoea kulitumia neno hilo kwa mambo ya unyumba tu, hasa sisi wanaume, tena mara nyingi kwa kudai. Lakini moyo si sehemu ya mwili? Kama mwili wa Baba Mueni ni wa Mama Mueni pia, basi ule moyo unaokosea hatua ni wake pia, na anayo haki ya kujua unavyokwenda. Ndiyo sababu nasema Baba Mueni anakosea, ingawa anakosea kwa nia njema.

Kuna sababu nyingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alimfuata mwanafalsafa Mgiriki Aristotle katika jambo hili: hofu humfanya mtu atafute shauri. Aliyekata tamaa kabisa hamuulizi mtu kitu, maana kwake yamekwisha. Anayeogopa bado ana tumaini. Lakini Tomaso aliona pia kwamba mwenye hofu huona mambo kuwa makubwa kuliko yalivyo, hivyo yeye peke yake si mshauri mzuri wa nafsi yake. Basi hofu inayofungiwa kifuani inanyimwa kazi yake. Hata Bwana wetu, usiku ule wa Getsemane, hakujifanya mzima. Aliwaambia rafiki zake watatu kwamba roho yake imejaa huzuni, akawaomba wakeshe naye. Kwamba walisinzia ni habari nyingine, yeye aliwaambia.

Mnakikumbuka Kitabu cha Tobiti? Sara alikuwa amefiwa na waume saba, kila mmoja usiku wa arusi. Tobia alipomwoa, baba mkwe Ragueli aliamka usiku akachimba kaburi, kwa kuwa alijua kijana atakufa tu, na hakutaka majirani wajue. Wakati huo maarusi walikuwa wamekwisha sali pamoja, wamelala. Mtumishi alipoingia na taa aliwakuta wazima, na Ragueli ikambidi kaburi lifukiwe kabla ya mapambazuko. Simcheki mzee huyo. Alikuwa na sababu saba za kuogopa. Lakini angalieni nani alichimba, na nani walisali wakiwa wawili. Katika chumba cha Baba Mueni kila mmoja ana jembe lake, na kila usiku yanachimbwa makaburi mawili ya mtu mmoja aliye hai.

Wewe mke unayesoma haya, usifikiri nimemsema mume peke yake. Wako wanawake ambao wakishaambiwa hugeuka askari. Mume akikohoa wanamshika mkono kuhesabu, akigusa jembe wananyang'anya, na watoto walioko Nairobi wanapigiwa simu kila juma kwamba baba yenu hali si nzuri. Hilo nalo ni kuchimba. Mgonjwa si yai.

Ongeeni mchana, si usiku, maana usiku kila pigo la moyo ni radi. Nendeni kliniki pamoja, na mmoja aandike anayosema daktari. Mwulizeni ni dalili zipi za kuangalia. Pengine atawatajia hizi: uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, miguu ikivimba, mtu akihitaji mito mingi ili apumue au akiamka ghafla akihema. Hizo ni za kumwona daktari upesi. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na gari ni la kukodi. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua au kuzirai. Zaidi ya hayo, moyo uachwe uende unavyokwenda, na kidonge kimezwe kwa saa yake. Punguzeni chumvi, na pombe iachwe, kwa maana huuvuruga mwendo wa moyo.

Na lile ambalo wengi huona haya kuuliza. Wapo waliotenganisha vitanda kwa hofu kwamba tendo la ndoa litaua. Kwa kawaida mtu ambaye hali yake imetulia, na anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kuuma wala kuhema sana, hana haja ya kuogopa. Mwulizeni daktari waziwazi. Ameulizwa mara nyingi. Kuhama kitanda bila kusema sababu humwacha mwenzako akijiuliza amekukosea nini.

Jambo moja la mwisho kwako uliye mgonjwa. Tangu mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikumbusha kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu. Mwenye ugonjwa mzito wa moyo aweza kuuomba akiwa bado anatembea kwa miguu yake hadi kanisani. Ukitaka Padri aje nyumbani, ni vyema pia. Ila mwambie mkeo mapema, asije akamwona Padri mlangoni na mafuta akaangusha sufuria.