Mtunzi Kijana na Adabu ya Kusikiliza

Aghalabu kijana anayetamani kutunga nyimbo huanza na swali moja linalomwelekeza mbali na nyumbani kwao: wapi nitapata jambo la kuimba? Huzitazama picha za waimbaji mashuhuri zinazomfikia katika simu yake, akaona magari, majumba na mavazi ambayo kwetu Kihanga, wilayani Karagwe, hayapatikani, kisha akahukumu moyoni mwake kwamba, maadamu siku zake hupita baina ya migomba na mibuni, baina ya ibada na soko, na safari yake ya mbali ni ya bodaboda hadi mjini Kayanga, basi maisha yake hayana maudhui yanayostahili wimbo. Nimelisikia swali hilo vinywani mwa vijana wa Karagwe na wa Kyerwa, na kila nilisikiapo hunihuzunisha, kwa sababu halitokani na upungufu wa kipaji, bali na mazoea ya mtu kuyadharau masikio yake mwenyewe. Kauli yangu kwao ni moja: wimbo huingia sikioni kabla haujafika kinywani, na asiyejifunza adabu ya kuwasikiliza watu wake hatakuwa na neno la kuwaambia.

Nchi hii haikupata kuwa fukara wa nyimbo. Mwaka 1861, Waingereza Speke na Grant walipowasili Karagwe wakitafuta chemchemi ya Nile, walipokewa kwa ukarimu na Omukama, yaani mfalme, Rumanyika, na miongoni mwa mambo waliyoyastaajabia ni muziki wa watu wake. Grant, aliyezuiwa na maradhi ya mguu akabaki huku miezi kadhaa ilhali mwenzake amekwisha kuvuka kwenda Buganda, alipata wasaa wa kutosha wa kuisikia enanga. Ala hiyo ni ubao mrefu wa mti uliochongwa bonde katikati, ukatiwa meno kwenye ncha zake mbili, na uzi mmoja, ambao zamani ulikuwa wa kano za mnyama, ukapitishwa huku na huku juu ya meno hayo hata ukafanya nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi, akaiweka mbele yake au mapajani, na juu ya sauti hiyo ya upole akasimulia habari za mashujaa na wafalme, za mapenzi na za usaliti, usiku ukapita na watu hawajachoka.

Katika zama zilizo karibu nasi mkoa wetu wa Kagera ulimpata Habibu Selemani, mughani wa enanga aliyezaliwa takriban mwaka 1929 na kufariki mwaka 1993. Profesa Mulokozi, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu tendi za enanga za Wahaya, alimwandika kuwa miongoni mwa waghani wa mwisho wa daraja lake. Sitaki kijana ajifunze kwake majina ya tendi tu, yaani Rukiza, Kachwenyanja na nyinginezo, ingawa kuyajua ni fahari. Nataka ajifunze jambo lililo ndani zaidi: mughani wa enanga hakuwa mtu wa kukariri maneno yaliyokwisha kuganda. Kisa alikipokea kwa wazee, lakini kila alipokighani alikitunga upya mbele ya wasikilizaji wake, akirefusha hapa na kufupisha pale kwa kadiri alivyowaona wakivutwa au wakichoka. Kwa hiyo, hata alipokuwa akiimba alikuwa bado anasikiliza, na utunzi wake haukutengana na watu walioketi mbele yake.

Tukitoka bara tukaenda pwani, tutaukuta ushahidi uo huo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, ambaye Shaaban Robert aliona inafaa kumwandikia wasifu, alikuwa muuza vyungu kabla hajawa mwimbaji, na sauti yake ilianza kujulikana katika kuitia wanunuzi bidhaa yake alipokuwa akipita mitaani. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay pamoja na wenzake, nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri zilizosikika katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Na nyimbo hizo zilihusu nini? Zilihusu mahaba, naam, lakini zilihusu pia habari za mahakama, udhalimu wa matajiri na masaibu ya wanyonge. Wimbo wake wa Kijiti ulitokana na kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na uchungu wake ni kwamba mwuaji alitoroka ilhali adhabu iliwaangukia wanawake waliosimama kutoa ushahidi. Jambo ambalo watu walilinong'ona barazani, yeye alilipa sauti.

Na ikiwa kijana ataniambia kwamba hao ni watu wa kale, nitamtajia Saida Karoli, binti wa Kagera hii hii, aliyeimba kwa Kihaya mwanzoni mwa karne hii wimbo wa Maria Salome, ukachezwa Mtwara na Tanga, Mwanza na Mbeya, na watu wasiojua neno hata moja la lugha yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, Diamond Platnumz pamoja na Rayvanny waliurudia wimbo huo kwa namna yao, kizazi kingine kikaucheza upya. Mwaka 2017 Saida mwenyewe alirejea na wimbo alioupa jina la Orugambo, yaani uvumi, baada ya miaka ambayo uvumi mwingi ulimwandama, pamoja na ule wa kusema kwamba amekufa. Basi tuzingatie: mtunzi huyu hakuingoja sauti ya mbali imletee ilhamu. Aliyachukua maneno ya watu yaliyokuwa yakimzunguka, akayafanya ngoma.

Sasa na tuitazame Kihanga yenyewe kwa jicho la mtunzi. Asubuhi ndizi zilizoiva zinamiminwa katika mtumbwi wa mti, zinatiwa nyasi, na wanaume wanazikanyaga kwa miguu ili kupata maji yatakayochanganywa na mtama na kuwa pombe ya rubisi. Mwenye sikio atatambua kwamba miguu ile ina mpigo wake, mzito mwanzoni na mwepesi kadiri maji yanavyotoka, na kwamba wakanyagaji hawawezi kuifanya kazi hiyo kimya. Msimu wa kahawa, akina mama wanaoanika buni na kuzichambua uwanjani huzungumza habari ambazo hawangezitaja mbele ya wageni: bei ya mwaka huu, ada ya mtoto, mume aliyeuza maua ya kahawa kabla hayajazaa na akaila fedha yote kabla ya mavuno. Novemba senene wanaposhuka, watoto na watu wazima hukesha kwenye taa wakiwakamata, na furaha ile haihitaji kutiwa chumvi. Msibani wazee huzungumza kwa sentensi zilizopimwa, na bibi anayemlilia marehemu humtajia sifa zake kwa mpangilio ambao mshairi yeyote angeuonea wivu. Arusini yangali yanasikika sehemu nyingine yale majigambo ya kale yaitwayo ebyebugo, ambamo mtu hujinasibu kwa ukoo wake na matendo yake. Yote hayo yanapita mbele ya kijana wetu kila mwaka, naye amevaa vidude vya masikioni akisikiliza habari za mtaa asioujua.

Sisemi asizisikilize nyimbo za wengine. Lakini iko haja ya kutazama namna anavyotunga, kwa kuwa utaratibu mbaya huharibu hata maudhui mazuri. Siku hizi desturi imekuwa kwenda studio, kuchagua biti iliyokwisha kutengenezwa, kisha kutafuta maneno ya kuujaza muda wake. Katika Kiswahili madhara ya njia hiyo yanaweza kufichika, kwa kuwa mkazo wa neno hukaa daima karibu na mwisho wake; katika Kinyambo, lugha ya huku Karagwe, na katika Kihaya hayafichiki, kwa kuwa hizo ni lugha za toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Ukiulazimisha mstari wa Kinyambo juu ya lahani iliyotoka kwingine, mzee wa Kihanga atakusikia kama mgeni anayejifunza kusema. Kwa sababu hiyo nawanasihi vijana waanze na sentensi. Iseme kwanza kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mama yako. Isikilize inapopanda na inaposhuka. Utaona kwamba nusu ya lahani imekwisha kupatikana, na kazi iliyobaki ni kuitengeneza.

Kisha uwe na subira. Ndizi za rubisi hazikanyagwi siku zilipokatwa. Huvundikwa kwanza, zikafunikwa majani, zikaachwa hadi utamu wake utoke wenyewe, na mwenye pupa hupata maji makali yasiyo na ladha. Wimbo nao una siku zake za kuvundikwa. Simu ile ile inayompotezea kijana wakati inaweza kumfaa sana ikiwa ataitumia kunasa kipande cha lahani kilichomjia njiani, au msemo aliousikia kisimani, kisha akauacha, akaenda shambani, akarudi kuusikiliza akiwa na masikio mapya. Yasiyokuwa na thamani yatajifuta yenyewe katika kumbukumbu yake. Yanayong'ang'ania ndiyo ya kufanyiwa kazi. Na kabla hajaupeleka studio, na auimbe mbele ya mtu asiyeogopa kumwambia kweli, hasa bibi yake, ambaye hatajali mtindo wala mavazi, bali atauliza swali moja tu: mjukuu wangu, hapo ulikuwa unasema nini?

Liko na jambo la dhamiri, nalo silipiti haraka. Maneno ya watu ni amana. Mjane aliyekusimulia shida zake akiwa anachambua kahawa hakukupa ruhusa ya kulitangaza jina lake redioni, na haki yako ya kutunga haiondoi haki yake ya kusitiriwa. Chukua uchungu, acha jina. Chukua hekima, ficha mlango wa nyumba ulimoitoa. Vivyo hivyo, lahani ya kale uliyorithi si mali yako peke yako, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitambua kazi za jadi pamoja na kazi za mtu mmoja mmoja. Lakini kabla ya sheria kuna uungwana: mzee aliyekufundisha wimbo, mtaje. Kumtaja hakukupunguzii sifa, bali kwaonyesha kwamba una nasaba katika sanaa yako.

Nasi watu wazima tuna sehemu yetu katika haya. Tukimwona kijana ameketi na gita au na daftari lake, upesi twamwita mvivu, ilhali jioni ya siku iyo hiyo twacheza nyimbo za watu ambao kwao waliachwa wakatunga. Walimu na wampe nafasi katika sherehe za shule. Kwaya na vikundi vya kaswida na wamwite awaandikie. Redio za hapa hapa wilayani na zimtie hewani wimbo wake wa Kinyambo bila kuuonea haya. Na wazee wanaozikumbuka ebyebugo na waziseme mbele yake wangali na pumzi. Kijana akisikiliza na asipate wa kumsikiliza, kipaji chake kitahamia mjini kabla yeye mwenyewe hajahama.

Kwa hiyo, kijana wa Kihanga unayeuliza pa kupata wimbo, jibu langu ni hili: mtu anayeishi mahali ambapo watu wanalima, wanaoa, wanazika, wanadaiana na kusameheana, hana uhaba wa maudhui, na kazi yake ya kwanza ni kuyasikia hayo kwa heshima. Siku utakapoyaimba kwa ukweli, mtoto wa jirani aliyefundishwa na picha za mbali kwamba maisha yake ni madogo atayasikia yakitajwa kwa sauti nzuri, atajua kwamba yana thamani, naye ataanza kuwasikiliza watu wa nyumbani kwake.