Majira ya Kukata Matawi

Je, kazi iliyo njema yaweza kuwa mbaya kwa kufanywa wakati usio wake? Sisi twajibu, Ndiyo. Na shahidi wetu ni mwembe.

Mwembe huzaa penye ncha za matawi yaliyokomaa, na chipukizi jipya hutaka miezi kadhaa lipate kukomaa. Katika nchi hii ya Mpanda, na Katavi yote, mvua huanza Novemba hata Aprili. Maembe huiva katika mvua hizo, na mti huchanua tena wakati wa baridi ya Juni na Julai. Kwa hiyo yafaa kuupogoa mara maembe yakiisha kuchumwa, siku jua liwakapo kati ya mvua, kidonda kipate kukauka. Mtu akikata Juni, amekata maua na maembe ya msimu ujao, ingawa panga ni lile lile na tawi ni lile lile.

Lakini wengi hukata Juni. Kwa nini? Kwa sababu mahindi yamevunwa, nao wana nafasi. Januari na Februari walikuwa katika palizi. Yaani wamefuata majira yao wenyewe, si ya mti. (Mpera huvumilia zaidi, maana huzaa juu ya machipukizi mapya, lakini si kila mti ni mpera.)

Twaogopa kwamba maonyo ya kanisa nayo hutolewa hivyo. Wazee wamepata nafasi, baraza limekutana, na mjane aliyezika juzi aitwa kuulizwa habari ya sadaka yake. Neno waliloliuliza huenda ni la haki kabisa.

Mtu atasema, Basi tungoje siku zote? La. Tawi lililokufa au lenye ugonjwa halina majira. Hukatwa siku lionekanapo, likachomwa moto. Aibaye fedha za sadaka asingojewe, wala amtesaye mtoto. Lingojewalo ni tawi bichi. Na kungoja si kukaa bure: yule mtunza mizabibu wa Luka mlango wa 13 aliomba mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya mtini, akaahidi pia kuupalilia na kuutia samadi. Mjane yule na apelekewe unga na kuni. Habari ya sadaka aulizwe matanga yakiisha kupita na ghala yake ikiwa na kitu, nyumbani kwake, na mzee mmoja au wawili, hata ikiwa siku hiyo wazee wana kazi nyingi mashambani.