Je, Mgeni Aacha Lini Kuwa Mgeni?

Neno hili lilizuka barazani, wala si neno jipya. Tulikuwa tumeketi na wazee wawili watatu wa mtaa wetu, kahawa ya kutafuna imewekwa katikati kama ilivyo desturi, na mzee mmoja katika maongezi yake akamtaja mtu fulani kwa kusema, "Yule mgeni." Kijana aliyekuwapo akashangaa, akauliza, "Babu, mgeni gani? Mimi nimezaliwa nikamkuta hapa." Mzee akacheka, asijibu. Nasi tukarudi nyumbani na swali lile: mtu ahamiapo katika nchi ya watu, akae muda gani hata aitwe mwenyeji? Tena ni nani mwenye haki ya kumpa jina hilo, au ya kumnyang'anya akiisha kupewa?

Swali hili lafaa kuulizwa Karagwe na Kyerwa kuliko mahali pengi, maana nchi yetu imejengwa na wahamiaji. Wanyambo ndio wenye nchi tangu zamani, hakuna abishaye. Walakini baada ya sotoka kuua ng'ombe katika miaka ya 1890, na taabu nyingine zilizofuata, sehemu nyingi zilibaki majani matupu. Ndipo wakaja watu kutoka Ihangiro na Kiziba, ambao bibanja vya baba zao viligawanywa hata havikugawanyika tena. Wakaja Wakiga kutoka milima ya Kigezi. Wakaja wengine kutafuta kazi katika mashimo ya bati ya Kyerwa. Wakaja Wanyarwanda, baadhi yao wakifuata malisho, na wengine wakikimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959. Mwaka 2012, Kyerwa ilipokwisha kutengwa na Karagwe, hesabu ya watu ilikuta zaidi ya watu 300,000 katika kila wilaya ya hizi mbili. Ukiingia sokoni leo, ukasikiliza jinsi watu wanavyosalimiana, utajua kwamba wengi wao babu zao hawakuzaliwa hapa.

Na sisi kwa upande wetu tumekuwa wageni kwa wengine. Babu zetu walikwenda Buganda kutafuta fedha ya kodi, wakalala katika nyumba za watu. Vijana wetu siku hizi huenda kuvua katika visiwa vya Ziwa, Goziba na Bumbire, nao huko hujifunza kusubiri wasalimiwe. Twadhani hakuna ukoo hata mmoja usio na mtu aliyepata kuitwa mgeni mahali fulani.

Yuko mgeni mmoja wa zamani ambaye habari zake zimeandikwa. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe. Aliwapokea vizuri, akawalisha, akazungumza nao siku nyingi. Speke akaendelea na safari ya Buganda mwezi wa Januari 1862, na Grant, aliyekuwa na kidonda cha mguu kisichopona, akabaki mikononi mwa mwenyeji wake hata mwezi wa Aprili. Hayo ni mema. Lakini Speke huyo, katika siku zile za kukaribishwa, alichukua kipimo akampima shemeji wa mfalme unene wa mkono na wa paja, kwa kuwa wanawake wa jamaa ya mfalme walinoneshwa kwa maziwa, akaiandika hesabu ile katika kitabu ili watu wa kwao waisome. Tulipolisoma jambo hili mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili hatukucheka. Mtu yule alikula chakula cha watu, asione kwamba wao nao wanaweza kumpima.

Twajua methali isemayo kwamba mgeni siku ya tatu apewe jembe. Watu huitumia kumsuta mvivu, au kumfukuza kwa adabu mtu aliyekaa mno. Sisi twaona kwamba hawakuifikiri vema. Anayekupa jembe amekubali pia kukuonyesha pa kulimia. Asiyetaka ukae hatakupa jembe. Atakupa chakula kizuri siku zote mbili, atakusindikiza hata njia panda, na huko atakuaga kwa furaha. Jembe ni neno zito kuliko nyama ya kuku.

Wengine wetu tulijifunza hayo utotoni. Wazazi wetu walihamia Karagwe mwaka 1968, wakitoka kando ya Ziwa, na vitu vyao vilikuwa mkeka, sufuria mbili, na baiskeli isiyokuwa na breki. Siku ya kwanza mama alikwenda kuomba moto kwa jirani. Jirani yule akampa moto katika kigae, kisha akamfuata nyuma, akatazama mahali tulipotaka kupanda, akasema pale maji ya mvua hupita. Kesho yake alikuja na machipukizi ya migomba begani, wala hakuulizwa. Mama alitaka kumlipa. Akakataa, akasema, "Utanipa na wewe, yangu ikianguka." Mama alikasirika kidogo, kama tunavyokumbuka, maana alikuwa mtu asiyependa deni. Miaka mingi baadaye alituambia kwamba siku ile hakujua amepewa nini.

Tunasema hivi kwa sababu wahamiaji wengi hukosea hapo, na hasa wale wenye uwezo. Mtu hujenga nyumba ya bati, huchimba kisima chake, hununua kuni na chumvi yake, hata asihitaji kubisha hodi kwa mtu. Akisikia msiba hupeleka fedha kwa mkono wa mtoto. Hamdhulumu mtu, wala hana ugomvi. Lakini ukiwauliza majirani zake, watakuambia ni mgeni, hata akikaa miaka ishirini. Na yeye atalalamika kwamba watu wa hapa wana kiburi. Twaona kwamba kosa lake si uchoyo, maana hutoa. Kosa lake ni kwamba hakubali kupewa. Watu wamjue vipi mtu asiyepata kuwaomba hata moto?

Na wenyeji nao wana kosa lao. Hupenda mgeni abaki mdogo. Akiomba chumvi humpa kwa moyo, lakini akianza kuvuna kahawa nyingi kuliko wao, hapo hukumbuka kwao ni wapi. Huyo ambaye jana alikuwa baba fulani, leo ni "mtu wa kuja." Neno hilo hulala miaka mingi kama jiwe chini ya majani, na mtu hulikanyaga siku asiyoitazamia.

Kipimo kikubwa kwetu ni kaburi. Kwa desturi ya watu wa mkoa huu wafu huzikwa katika kibanja, karibu na nyumba, na mahali alipozikwa baba ndipo penye mizizi ya watoto. Kwa hiyo wahamiaji wengi, hata waliokaa muda mrefu, huwachukua wafu wao kuwarudisha kwao, kwa gharama kubwa, na majirani huwasindikiza hata barabarani. Wenyeji hawasemi neno. Lakini tulimsikia mzee mmoja, gari likiisha kuondoka na jeneza, akiuliza kwa sauti ndogo, "Udongo wetu una nini?"

Bibi yetu alipofariki mwaka 1986, ndugu za baba walileta habari kwamba lazima arudishwe Ihangiro. Baba alifikiri usiku kucha. Asubuhi akasema bibi atazikwa hapa. Ndugu zake walikasirika miaka mingi, na mmoja alikufa hawajapatana, jambo ambalo twalisikitikia hata leo. Lakini kabla baba hajamaliza kusema, yule jirani aliyetupa moto alikuwa amekwisha kushika jembe na sululu. Yeye na wanawe walichimba kaburi, mkewe akatandika majani ndani ya nyumba, na mtaa wote haukulima hata bibi alipozikwa. Tangu siku ile hatukusikia tena mtu akituita watu wa kuja.

Sasa tumefika mahali pagumu, wala hatutaki kupapita mbio.

Jirani yule mwenyewe hakuwa mzaliwa wa nchi hii. Alivuka mto Kagera akiwa kijana, akitoka Rwanda, miaka kadhaa kabla wazazi wetu hawajafika. Basi mtu aliyetukaribisha Karagwe alikuwa, kwa sheria, mgeni kuliko sisi. Mwaka 1980 serikali iliwafungulia maelfu ya Wanyarwanda mlango wa uraia, na wengi waliandikwa. Yeye hakwenda. Alisema alikuwa akipalilia, na kwamba kila mtu anamjua. Neno hilo la pili lilikuwa kweli, akadhani latosha.

Mwaka 1994 wakaja wakimbizi wengi mno, wakapangwa katika kambi, Chabalisa, Kagenyi, Rubwera na nyinginezo. Wakakaa katika mahema, wakila chakula kilicholetwa na malori, hata walipoamriwa kurudi kwao Desemba 1996. Miti ilikatwa kuwa kuni, na wenyeji wakanung'unika, wala manung'uniko yao hayakuwa ya bure. Hao hawakupewa jembe, wakabaki wageni hata siku ya mwisho, pasipo kosa lao. Lakini tangu siku hizo watu walianza kusema "Wanyarwanda" kwa sauti nyingine, na sauti ile haikuchagua kati ya aliyekuja jana na aliyekuja zamani.

Mwezi wa Julai 2013 Rais Kikwete, akizuru mkoa wetu, aliamuru wahamiaji wasio na kibali waondoke katika muda wa majuma mawili, na Septemba ikaanza operesheni iliyoitwa Kimbunga. Hatusemi serikali haina haki ya kujua ni nani aliyemo nchini. Inayo. Tena ujambazi wa bunduki barabarani ulikuwa umewachosha watu, na makundi ya ng'ombe yalikuwa yakiingizwa toka nje na kula mashamba. Nchi isiyojua watu wake haiwezi kuwalinda. Lakini serikali hukaa mbali, nayo ikitaka kujua ni nani mgeni, hapana budi iwaulize majirani. Hapo ndipo amri ya mbali inapoingia katika kinywa cha mtu aliyekula nawe.

Sisi tuliulizwa. Mtu alikuja na daftari, akauliza habari za nyumba ya pili. Hakutuogofya, wala hakutupiga. Tukajibu, "Alikuja toka ng'ambo." Neno hilo lilikuwa kweli. Tungaliweza kuongeza kwamba alikuja zaidi ya miaka arobaini iliyopita, kwamba wanawe wote walizaliwa hapa, kwamba alichimba kaburi la bibi yetu. Hatukuulizwa hayo, nasi hatukuyasema. Daftari likafungwa.

Tumelifikiri jambo hili mara nyingi. Wako waliotutuliza, wakasema kusema kweli si dhambi, na kumficha mtu mbele ya sheria ni kosa. Twakubali. Lakini twajua pia jinsi mtu awezavyo kuuza nusu ya kweli kwa bei ya uwongo mzima. Kama mtu angalituuliza habari za baba yetu, tusingalianza na mahali alipotoka. Tungalianza na kazi zake. Kwa nini basi jirani yule tulimwanzia hapo? Ni kwa sababu neno lile lililolala chini ya majani lilikuwa pia ndani yetu, sisi ambao wenyewe tulikuwa watu wa kuja. Wala hatukuwa na haja ya kibanja chake. Wako mahali pengine waliokuwa na haja hiyo, na hao wana hesabu yao. Sisi hatukutamani kitu. Tuliogopa tu kwamba wakimaliza kwake watahesabu na kwetu.

Alitoka alfajiri, yeye na mkewe na mwana mmoja. Alipita mlangoni kwetu, akatuachia mbuzi na jembe, akasema mbuzi ana mimba. Hatujui kama alijua tulichojibu. Tulimsindikiza hata barabarani, kama desturi, na njiani alizungumza habari za mvua.

Mbuzi yule amezaa mara nyingi tangu hapo, na wajukuu wake wako zizini, nasi tunawahesabu mbali na wa kwetu. Nyumba imeanguka upande mmoja. Migomba tunaipogoa, na mkungu ukikomaa tunaukata, tukaupeleka penye msiba, maana hatukuona njia nyingine ya kuula. Mara mbili alituletea salamu kwa wafanya biashara wapitao Murongo, akiuliza kama kaburi la bibi limepaliliwa. Mwaka huu kijana mmoja wa mtaa, aliyeoa juzi, amekuja kwa heshima kuuliza kama aweza kulima pale, kwa kuwa hana pake, na mahali penyewe pamekaa bure. Ni mtoto mwema, tena ana haja ya kweli. Tumemwambia angoje kidogo, tupeleke kwanza neno ng'ambo.