Jembe la Mlangoni: Nasaha kwa Mjukuu Anayepokea Duka

Mjukuu wangu,

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pale nje ya duka, nikakusikia ukimwambia mteja, "Chukua tu mzee wangu, hii ni orijino." Mzee wa watu akalipa, akaenda zake. Ulipogeuka ukaona nakutazama, ukacheka: "Babu, mjini akili." Sikukujibu, maana mtoto hakemewi mbele ya wateja. Leo nakujibu.

Huo usemi wako wa "mjini akili" bado mchanga. Mimi nililelewa na misemo mikongwe zaidi, na niliidharau vilevile unavyoidharau wewe. Marehemu baba alikuwa akiitaja asubuhi akifungua milango, akiitaja jioni akifunga, mpaka masikio yangu yakaota sugu. Nilidhani wazee wanasema methali kwa sababu hawana habari mpya. Siku niliyoelewa, nilielewa kwa aibu.

Miaka ya mwanzo ya themanini, nchi hii ilikuwa na uhaba ambao wewe huwezi kuuwaza. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine aliendesha msako wa wahujumu uchumi, na wenye maduka walilala macho wazi. Jembe la UFI, lililotengenezwa kiwandani Ubungo, likifika hapa Morogoro lilikuwa linaisha kabla halijashushwa garini. Kisha mwaka 1984 serikali ikalegeza masharti, wenye fedha zao wakaruhusiwa kuagiza bidhaa nje. Vitu vikaanza kuingia, vizuri na vibaya kwa pamoja.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa jumla akatuletea majembe yaliyopakwa rangi nyeusi, yanang'aa kama kiatu cha askari. Baba alikuwa amesafiri, duka liko mikononi mwangu. Nikachukua moja, nikalitundika kidoleni kwenye tundu lake, nikaligonga kwa msumari kama nilivyofundishwa. Jembe la chuma kizuri likigongwa hulia, na sauti hukaa kidogo kabla ya kufa. Lile lilisema "du", likanyamaza, kama debe lenye mchanga. Nilijua. Lakini masika yalikuwa yanabisha hodi, watu wamejaa mlangoni, na faida ilikuwa nono. Nikauza.

Bibi mmoja kutoka milimani Uluguru alinunua mawili. Baada ya wiki akarudi, amelowa, na jembe moja kwenye kanga. Akaliweka mezani. Bapa lake lilikuwa limejikunja kama sikio la mbwa. Nilijiandaa kwa matusi; nilikuwa hata na jibu tayari, kwamba labda amepiga jiwe. Hakutukana. Alisema, "Mwanangu, mvua imenyesha siku tatu na mimi sijapanda. Hela yako utanirudishia. Na hizo siku tatu?"

Baba alikuwa amesharejea, yuko nyuma ya pazia anasikia. Akatoka, akamwamkia yule bibi kwa heshima, akamrudishia fedha zote, akampa majembe mawili mazuri na nauli. Kisha akayashusha yale meusi yote kutoka kwenye shubaka, tukayauza kama chuma chakavu. Alibakiza lile lililojikunja tu. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema maneno aliyokuwa akiyasema miaka yote: "Imara ya jembe kaingoje shamba."

Nilikuwa nikidhani methali hiyo inawahusu wanaojisifu. Siku hiyo nikajua inamhusu muuza duka. Maneno yako yanaishia mlangoni, mjukuu wangu. Kuanzia pale ni zana inayosema, na itasema mbele ya watu ambao wewe hutawaona, siku ambayo haitakuwa ya kuchagua. Ukimuuzia mtu zana mbovu hujamwibia bei yake tu. Umemwibia mvua, au siku ya kibarua, au kidole.

Nimesema kidole nikiwa na maana yake. Zile diski za grenda unazouza, chukua moja uitazame katikati, kwenye ile pete ya chuma. Utaona mwezi na mwaka. Ndiyo tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa sababu gundi inayoshikilia ile diski huchoka, na unyevu wa stoo huichosha upesi zaidi. Umeziacha sakafuni chini ya dirisha linalovuja. Tazama tena: diski kubwa ya milimita 230 imeandikwa mizunguko 6,650 hivi kwa dakika, na grenda ndogo huzunguka zaidi ya 10,000. Kijana akija kwako ameng'oa kinga ya grenda yake ndogo ili diski kubwa iingie, usimuuzie. Diski hiyo inaweza kupasuka na kuruka kama risasi. Atakasirika, atakwenda duka la pili. Mwache aende. Mfano huo uko mbali na ule wa jembe kwa kitu kimoja tu: hatarudi kukudai.

Uaminifu pia ni kujua unachokiuza. Wiki iliyopita fundi alirudisha futikamba akilalamika kwamba kile kindoano cha mwanzoni kinacheza. Ukamwomba radhi, ukachukua nyundo, ukakikaza. Umemharibia. Kile kindoano kimeachwa kicheze makusudi, kwa kiasi cha unene wake mwenyewe. Ukipima kwa kukinasa ukingoni mwa ubao, kinavutika nje. Ukipima kwa kukisukumiza ukutani, kinaingia ndani. Kote kipimo ni sahihi. Wewe umempa futikamba ya uongo, na kila mlango atakaoupima utamkana. Dhambi hiyo umeifanya kwa tabasamu na nia njema, lakini ubao haujui nia.

Sasa misemo. Nakupa michache, na nakuonya pia namna inavyoharibiwa.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Najua utaniambia siku hizi hata kizuri lazima kijitembeze, kila mtu anauzia kwenye simu. Sina ugomvi. Kitembeze. Ila picha unayomtumia mteja iwe ya kitu kilichopo rafuni, siyo ya kitu ulichomwona nacho jirani.

"Rahisi ni ghali." Huu wengine huutumia kumtisha mnyonge ili atoe zaidi ya alichonacho. Kuuza cha bei nafuu si kosa. Weka nyundo mbili mezani, useme: hii inatosha kutundikia kalenda, hii ni ya fundi wa kuezeka. Mwalimu mwenye msumari mmoja ukutani achukue ile ya kwanza kwa amani. Kosa ni kuibatiza ya kalenda jina la ile ya fundi.

"Biashara haigombi." Baba aliutumia kujizuia yeye mwenyewe asimpandishie mteja sauti. Siku hizi nasikia wauzaji wakimfumbia nao mteja aliyerudisha kitu kibovu: "Mama, biashara haigombi." Methali ya kukufunga mdomo wewe usimfunge nayo mwenzio.

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Daftari la mauzo unalo. Nataka ufungue na ukurasa wa vilivyorudi: kitu gani, kimetoka kwa nani, kimeharibika vipi, baada ya siku ngapi. Ukurasa huo ndio ulionifundisha nani wa jumla nimwache na nani nishikamane naye, kuliko maneno yao yote matamu. Mfanyabiashara akikuuliza kwa nini huchukui tena spana zake, mfungulie asome.

Sitaji habari za sheria kwa urefu. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani hupita madukani kusaka bidhaa bandia. Wala sikuhubirii. Wewe unajua kwamba katika Qur'ani kuna sura nzima, ya 83, iliyoitwa kwa jina la wanaopunja vipimo, na jirani yako Mkristo ataifungua Mithali akuoneshe mizani ya hila. Lakini mkaguzi anakuja siku moja. Zana ziko na mteja kila siku.

Na sitakudanganya kwamba ukweli hulipa haraka. Wapo niliowaambia, "Hii haitakufaa," wakakinunua kitu kilekile duka la jirani, kwa bei ya juu, wakiwa na furaha. Jirani huyo alijenga nyumba kabla yangu. Nilikula mihogo mikavu nikitazama bati lake jipya. Usifungue duka kwa kutegemea kwamba wema utarudi kabla ya kodi ya mwezi. Fungua ukijua kuna fedha utaziacha zipite mlangoni mwako, na uamue leo ni zipi, kabla hujazishika. Mkono ukishashika, akili ya mjini hupata sababu.

Yule mzee wa juzi nimemtafuta. Anakaa Kihonda, na ile bisibisi uliyomuuzia imepinda ncha. Kesho asubuhi utampelekea nyingine, utamwamkia, utamwambia ulikosea. Usitume bodaboda. Nenda mwenyewe.

Ufunguo nimeshakupa, na rafu ni zako, panga utakavyo. Kitu kimoja usikiguse: lile jembe lililojikunja, pale juu ya mlango, aliloning'iniza baba. Wateja wataliulizia bei, siku zote huuliza. Waambie haliuzwi. Na wakikuuliza kwa nini, waeleze.